Niligawana Dawa za Sukari na Mama Mkwe Wangu, na Sukari Sikuwa Nayo

Nilikosa. Siwezi kuanza kwingine kokote. Nilidanganya watu kwamba nina ugonjwa wa sukari, na uongo huo umempotezea mama mkwe wangu mguu.

Soma tena kama hukuelewa. Hata mimi nikiyaandika nayaona kama mambo ya mtu mwingine. Lakini ni yangu! Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenilazimisha. Mdomo ni wangu na ulimi ni wangu.

Jina langu liacheni. Ukitaka kujua nilipo, sema tu ni upande wa Ndithini, kwa wakulima wa mahindi, mbaazi na ndengu, ambako mtu akikohoa jirani anajua ni nani. Nimeolewa huko. Mume wangu ni fundi wa mawe, anafanya kazi Kyumbi na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Tunaobaki ni mimi, binti yetu mdogo, na mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu. Yeye ni mjane. Mimi humwita mwaitu, yaani mama, kama tunavyoita Ukambani.

Ugonjwa wangu ulianza kwenye shavu la mguu. Niliketi nikichagua mawe kwenye ndengu, nikaona nyama inacheza chini ya ngozi. Inaruka, inatulia, inaruka tena, kama fuko anayechimba shambani. Nilicheka. Nikamwita binti yangu aje aone, naye akacheka.

Baada ya wiki chache sikuwa nacheka tena. Nyama ilicheza kwenye paja, kisha begani, kisha kope, kisha kidole gumba, mpaka kikombe kikanidondoka mbele ya wageni. Halafu ukaja uchovu. Jamani, uchovu ule! Si uchovu wa kulima. Nilikuwa naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Ulimi ulikuwa unapata ganzi. Nilikuwa naanza kusema jambo na neno linanipotea, nabaki nimesimama na mdomo wazi kama mjinga.

Nilienda hospitali. Nilienda ya karibu, nikaenda ya Kithimani, nikaenda mpaka Machakos mjini. Walinitoa damu, wakapima mkojo, wakanipiga picha, wakanigonga magoti kwa kinyundo. Daktari akaniangalia kwa huruma akasema, "Mama, kila kitu kiko sawa. Punguza mawazo."

Mwenzangu, umewahi kulia kwa sababu umeambiwa huna ugonjwa? Mimi nililia. Nililia kwenye benchi la hospitali, na mwanamke aliyeketi karibu nami akanishika mkono akidhani nimepewa habari mbaya. Niliona haya kumwambia kwamba nimepewa nzuri.

Mume wangu alipokuja nikamweleza. Alisikiliza huku akila, kisha akasema, "Sasa si daktari amesema uko sawa? Wewe unataka aseme uko na nini ndio ufurahi?"

Tangu siku hiyo nikawa sisemi. Mwili unaruka, mimi nanyamaza. Usiombe ugonjwa usio na jina! Mwenye malaria hupelekewa supu. Aliyevunjika mkono hupewa pole njiani. Wewe unaonekana mzima, unakula, unatembea, na ukisema umechoka unaambiwa hata sisi tumechoka.

Sasa nikuambie kuhusu mwethya, maana hapo ndipo nilipoanguka.

Mwethya ni kikundi chetu cha kulimiana. Kabla ya mvua, wanawake wa kijiji tunakusanyika na majembe na makarai, tunachimba matuta ya kuzuia maji yasibebe udongo. Leo kwa fulani, kesho kwa mwingine, mpaka kila shamba limepata. Sheria ni moja: ukikosa bila sababu, siku yako ikifika shamba lako linarukwa. Lakini ukiwa mgonjwa husamehewa, na zaidi ya hapo wenzako huja kukulimia bila wewe kushika jembe. Ndivyo mama zetu walivyofanya na ndivyo tunavyofanya.

Mimi nilikosa mara ya kwanza, nikakosa tena. Mara ya tatu nikaenda, nikachimba kidogo, miguu ikaanza kutetemeka nikaketi chini ya jua. Mwenyekiti wetu ni Mama Nduku, mwanamke mkali lakini wa haki. Akaja akasimama mbele yangu.

"Wewe ni mgonjwa ama ni uvivu? Tuambie tujue."

"Ni mgonjwa."

"Ugonjwa gani?"

Nikamwambia ukweli. Naapa nilimwambia ukweli kwanza! Nikasema mwili unarukaruka, nachoka, na hospitali hawajui ni nini.

Nyuma yake mtu akacheka. Akasema, "Hata mimi jicho inaniruka tangu jana. Labda nitapata mgeni." Wote wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, najua. Ni mzaha wa kazini tu. Lakini Mama Nduku hakucheka. Alisema, "Kuchoka si ugonjwa, mama. Hapa nani hajachoka? Ningekuwa na jina ya hiyo kitu ningekuandika mgonjwa. Sasa nitawaambia nini hawa?"

Nilitazama zile nyuso zote. Nikaona shamba langu likirukwa, mvua ikibeba udongo wote mpaka mtoni. Lakini si shamba lililonisukuma, nisijitetee. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie pole.

Nikasema, "Ni sukari."

Lilitoka hivyo tu. Nadhani nilichagua sukari kwa sababu ya mwaitu. Yeye anayo kwa miaka mingi, na hakuna anayethubutu kumcheka. Nilijua maneno yake yote: kiu, kuchoka, miguu kuwaka moto.

Kicheko kilikatika. Mama Nduku aliweka jembe chini akanishika bega. "Woi! Na ulikuwa unanyamaza? Pole sana. Aki pole." Mwingine akanipokonya jembe. Yule aliyenicheka akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe.

Juma lililofuata walikuja kwangu wote, wakachimba matuta kutoka juu mpaka chini wakiimba, mimi nimewekwa kivulini na shuka begani. Nililia, wakadhani nalia kwa ugonjwa. Nililia kwa raha! Ndiyo, nasema kwa raha, na leo neno hilo linanichoma.

Habari zilikuwa zimemfikia mwaitu jioni ya siku ileile niliyodanganya.

Kabla ya hapo, mimi na mwaitu tuliishi kwa heshima tu. Habari ya asubuhi, habari ya jioni, maji nimechota, kuni nimeleta. Hakuwa mbaya kwangu, ila hatukuwa na la kuzungumza. Jioni ile alivuka ua akakaa kitandani mwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanishika uso kwa mikono yake miwili.

"Mwiitu wakwa," akasema. Binti yangu! "Mbona hukuniambia? Si mimi ndio najua hii ugonjwa? Kuanzia kesho asubuhi unakuja tukunywe uji pamoja. Uji bila sukari. Utazoea."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi. Nilinyamaza, nikaitikia kwa kichwa.

Kila asubuhi, binti yangu akishaenda shule, nilikuwa navuka ua naenda jikoni kwake. Uji wa wimbi unatokota. Tunakaa kwenye vigoda. Alinisimulia alivyokuja kuolewa hapo akiwa hajui kupika chochote, alivyochimba mchanga wa mto mpaka maji yatoke, alivyomzika mumewe. Alinifundisha kusuka kikapu cha kiondo. Kidole changu kikiruka, uzi wa katani unakwenda kombo, naye ananicheka, "Sukari yako inapenda kucheza ngoma!" Nami nacheka. Nilikuwa bado naumwa vilevile, lakini nilikuwa naumwa nikiwa na mtu.

Siku moja akaniuliza, "Dawa zako unameza saa ngapi? Sijawahi kukuona."

Nilimwambia nachukua dawa kliniki ya Machakos mjini, na kwamba mwezi huo zimeisha, tumeambiwa tusubiri.

Mwaitu alinyanyuka, akaleta bahasha yake ya dawa kutoka chumbani, akaimimina kwenye sinia, akaanza kuzitenga kwa kidole. Moja kwangu, moja kwake. Moja kwangu, moja kwake.

"Mwaitu, hapana! Hizo ni zako."

"Na wewe utakaa bila? Mimi ni mzee, sukari yangu na mimi tumezoeana. Yako ndio bado changa, itakuumiza. Meza!"

Nikatia kidonge mdomoni mbele ya macho yake, nikakificha chini ya ulimi, nikanywa uji juu yake. Nilipofika nyumbani nikakitema kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kujipaka, nikausukuma uvunguni mwa kitanda.

Alikuwa akimeza vidonge viwili kwa siku. Sasa akawa anameza kimoja, na kingine ni changu.

Ndugu msomaji, najua unachotaka kuniuliza. Kwa nini sikusema mwezi uliofuata kwamba kliniki imepata dawa? Uongo mmoja mdogo zaidi na yeye angerudi kumeza dawa zake zote. Nilifikiria jambo hilo. Nililifikiria mara nyingi, na hapa ndipo dhambi yangu yenyewe ilipo, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Sikusema kwa sababu niliogopa zile asubuhi zitaisha. Kumeza pamoja ndiko kulikotufanya tuwe kitu kimoja. Nilijiambia, mwezi huu tu. Nilijiambia, mbona anaonekana mzima. Mkebe ukajaa, nikatafuta mwingine.

Kisha akakanyaga mwiba.

Ulikuwa mwiba wa mgunga, aliukanyaga akienda kuwafungia mbuzi. Hakuusikia, maana sukari ilikuwa imeshamtia ganzi miguuni. Nilimwona akiacha alama ya damu sakafuni na yeye hana habari. Tukautoa, tukaosha kwa maji ya chumvi, tukasahau. Baada ya siku kadhaa kidole kikavimba. Kisha kikawa cheusi. Kisha harufu ikaanza, ile harufu ambayo hata moshi wa jikoni hauifuniki.

Nikamwambia twende kliniki. Akakataa!

"Nikienda watapima wakute sukari iko juu. Wataniuliza dawa napeleka wapi. Nitasema nini? Watanikataza kukupa. Wacha tu, itakauka."

Umeona? Alikuwa ananilinda mimi. Na mimi nilisimama pale na kitambaa cha maji moto mkononi, nikijua, nikanyamaza tena. Nilimpigia mume wangu simu na kumwambia mama ana kidonda. Zaidi ya hapo sikuthubutu. Alipofika, mguu ulikuwa umevimba mpaka karibu na goti.

Walimkata Machakos mjini, chini ya goti.

Daktari alituita, akasema sukari yake ilikuwa imekaa juu kwa muda mrefu, kama ya mtu asiyemeza dawa sawasawa. Mume wangu akamgeukia mama yake kwa hasira za uchungu.

"Mama, ulikuwa unaacha dawa?"

Mwaitu alikuwa amelala, midomo imekauka. Hakunitazama hata kidogo. "Nilikuwa nasahau," akasema. "Uzee."

Mtu amekatwa mguu, na bado ananifichia siri!

Siku iliyofuata, mume wangu akiwepo, muuguzi alikuja kumpima. Mwaitu akamwambia, "Pima na huyu pia. Yeye ni mgonjwa wa sukari kama mimi, na tangu nije hapa hajapata nafasi ya kujiangalia."

Nikasema hapana, nimekula, nitapimwa kwetu. Muuguzi akacheka, "Mama, ni kidole tu!" Akakivuta, akachoma. Akatazama kile kimashine, akanitazama mimi.

"Nani alikuambia uko na sukari? Hii ni sukari ya mtu mwenye afya kabisa."

Nilijua mwisho wangu umefika. Nilijua! Karibu nishukuru. Nikamtazama mwaitu nikisubiri.

Yule mama alijiinua kwa viwiko, na uso wake ukang'aa kama ambavyo sijawahi kuuona. "Unaona?" akamwambia mume wangu kwa sauti iliyogeuza vichwa wodi nzima. "Hakuna kusahau! Dawa nilikuwa nampa huyu mtoto. Nusu yangu, nusu yake, kila siku. Na sasa amepona! Ngai ni mwema! Amepona!"

Mume wangu aliketi chini, akaweka kichwa kwenye kitanda cha mama yake, akalia. Sijawahi kumwona akilia. Baadaye akanishika mkono kwenye korido na kuniambia, "Mama amekupa mguu wake. Usiwahi kusahau." Na mimi, mwenzenu, nikasema sitasahau.

Tukarudi nyumbani. Mwaitu akawa anakaa nje kwenye kiti na magongo yake, akisimulia kila anayekuja kumpa pole. Hataki pole! Anasema mguu ni kitu gani, ulikuwa umeshazeeka, lakini mke wa mwanangu amepona. Kanisani nikaitwa mbele nitoe ushuhuda. Nilisimama, nikasema maneno, watu wakapiga makofi. Hata sasa sijui nilisema nini.

Na mwili wangu? Uliendelea kuruka. Pale mbele ya madhabahu shavu la mguu lilikuwa linacheza chini ya sketi. Lakini sasa sikuwa na ruhusa hata ya kuchoka, maana mtu amekatwa mguu ili mimi nipone. Nilirudi kwenye mwethya nikashika jembe kama wengine, nikichimba huku macho yanaona giza, na Mama Nduku ananisifu, "Tazameni mtu aliyepona!" Nilidhani nilikuwa mpweke mwanzoni. Upweke wa mwanzoni ulikuwa mchezo tu.

Labda ningeendelea hivyo mpaka leo. Lakini akaja Mama Syombua.

Huyu ni jirani yetu, ana sukari kama mwaitu, na dadake mdogo wa Kithimani naye alikuwa ameambiwa anayo. Nilikuwa jikoni nikisikia wakizungumza nje. Mama Syombua akauliza, "Ulikuwa unampa ngapi?"

"Nusu," mwaitu akasema. "Usiogope. Ukigawa kwa roho safi, Mungu anaongeza."

Mama Syombua akashukuru akaondoka. Niliacha sufuria motoni nikamfuata mbio mpaka njiani. Nikamwambia, "Mama Syombua, nakuomba, usigawe dawa zako. Dadako aende kliniki apewe zake."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ulipewa ukapona. Sasa unataka dada yangu akose? Hiyo ni roho gani?"

Akaenda zake. Nilibaki njiani nikimwona anapungua. Nilitazama miguu yake. Miguu miwili, yenye ndala za rangi mbili tofauti, inaingia kwenye nyasi na kutoka. Hapo sikuweza tena.

Nilirudi, nikatoa mikebe yangu uvunguni, nikaiweka mapajani mwa mwaitu, nikaifungua. Vidonge vilikuwa vimegeuka rangi, vingine vimeshikana kama peremende za mtoto. Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, tangu jembe na Mama Nduku mpaka kidole changu hospitalini. Nikamwambia sijawahi kuwa na sukari hata siku moja.

Aligeuza kidonge kimoja kwa ukucha. Nilitamani anipige. Nilitamani achukue gongo lake anipasue kichwa!

Alipozungumza alisema, "Enda umuite Mama Syombua. Umwambie hivyo hivyo mbele yangu, kabla hajampa huyo dada yake."

Nikaenda. Nikarudi naye. Nikasema tena, mbele ya wote wawili, neno kwa neno. Mama Syombua aliziba mdomo kwa leso, akatoka bila kuaga, na kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa na habari.

Tulipobaki wawili mwaitu akaniuliza, "Na mwili bado inaruka?"

"Bado, mwaitu."

"Na hujui ni nini?"

"Sijui."

Akafunga ile mikebe, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na hasira usoni, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Si ungesema hivyo tu? Ungesema hujui. Uji nilikuwa nakuitia juu ya kuwa peke yangu kwa hii nyumba. Si juu ya sukari."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa. Wiki ile binti yake alikuja kumchukua akampeleka kwake Kithimani, na yuko huko mpaka leo. Nilimbebea mzigo mpaka barabarani. Hakukataa nibebe, wala hakuniaga.

Mume wangu hapokei simu zangu. Hutuma matumizi ya mtoto kwa ndugu yake. Mama Nduku hakunifukuza kwenye mwethya, ila nikifika mahali pa kuchimba, wenzangu husogea kidogo, na mazungumzo hukatika. Siwalaumu. Binti yangu ana jina la nyanya yake, kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo kila ninapomwita mtoto wangu aje kula ni jina la mwaitu linalotoka mdomoni mwangu.

Hospitali wamenipa tarehe nyingine ya vipimo. Nitaenda. Huenda wakapata jina, huenda wasipate. Wakilipata, sina wa kumwambia.

Ninyi mnaoumwa na kitu kisichojulikana, mnaoambiwa mko sawa na ninyi wenyewe mnajua hamko sawa, sikilizeni mtu aliyepotea njia hiyo. Msiazime ugonjwa wa mwingine! Una mwenyewe, na atakuja kuudai. Ukiulizwa unaumwa nini, sema sijui. Ukichekwa, sema sijui. Hata wakikuruka shamba, sema sijui!

Na ninyi wa kuuliza, mtu akiwaambia amechoka, msimdai jina. Mpeni maji kwanza.

Mimi wa kukaa nami alikuwepo muda wote, ng'ambo ya ua, akitafuta kisingizio cha kuniita. Angekaa nami hata kwa neno lile la sijui. Sikumpa hata nafasi ya kulisikia.